Kadi sita za barafu: shajara ya mradi wetu Minnesota

Jumamosi, 29 Machi

Leo tumeanza. Meza ya jikoni imejaa ramani, na mradi sasa una umbo: kadi sita za Kiswahili, kila kadi na sauti yake iliyorekodiwa, za kuwaongoza watu wetu wa Minneapolis na vitongoji vyake kwenye sehemu sita ambako barafu ya kale iliacha alama ardhini, na kuwaonyesha mimea inayoishi pale kwa sababu ya alama hiyo. Oktoba, majani yakishageuka rangi, tutakodi basi dogo tuzunguke pamoja.

Kilichonisukuma ni binti yangu. Ana miaka 11. Alirudi kutoka shule na somo la Enzi ya Barafu, akataka kunieleza kwa Kiswahili jinsi maziwa ya hapa yalivyotokea, akakwama kwenye sentensi ya pili. Mambo anayajua, maneno ndiyo hana. Na mimi mama yake, mzaliwa wa Moshi, niliyekua nikiitazama barafu ya Kibo kila asubuhi mawingu yakifunguka, nikakwama naye. Miaka tisa nimepita kando ya maziwa haya alfajiri nikitoka zamu ya usiku, na sikuwahi kuuliza nani aliyachimba.

Nimempigia simu Mwalimu, mzee wetu aliyefundisha jiografia sekondari huko Tanga na sasa anaishi hapa na mwanawe. Sikumaliza hata kueleza.

"Shikamoo Mwalimu, nina ombi la..."

"Marahaba mwanangu. Lini tunaanza?"

Ameshinda nasi mchana wote. Naandika alichotufundisha kabla usingizi haujanichukua, maana kadi zote zitasimama juu yake. Barafu kubwa ya mwisho ilifika upeo wake yapata miaka 20,000 iliyopita. Katikati yake, huko Kanada, unene ulipita kilomita mbili. Ukingo wake haukuja umenyooka kama ukuta: ulikuja kwa ndimi, kila ulimi ukifuata mahali penye bonde. Ndimi mbili ndizo zinazotuhusu. Mmoja ulitoka kaskazini-mashariki kupitia shimo la Ziwa Superior, ukibeba mawe ya volkano na mchanga mwekundu. Wa pili ulitoka kaskazini-magharibi, kutoka upande wa Manitoba, ukashuka mpaka pale ulipo mji wa Des Moines jimboni Iowa. Huo ulibeba mawe ya chokaa na udongo wa kijivu. Tawi la huu wa pili lilipinda likarudi kaskazini-mashariki, likapita juu kabisa ya sehemu tunayoishi. Ndiyo maana hapa, ukichimba vizuri, unaweza kukuta kijivu juu na chekundu chini.

Mwalimu alichora ndimi zote mbili kwa kalamu za mtoto, nyekundu na kijivu, halafu akaweka mkono juu ya karatasi: "Mmea haujui jimbo wala wilaya. Mmea unajua ulimi upi ulipita hapa."

Jumamosi, 12 Aprili

Jaribio la siki. Tumechukua konzi mbili za udongo: moja kutoka upande wa Stillwater, mashariki, na nyingine kutoka upande wa Ziwa Minnetonka, magharibi. Zote mbili ni kile ninachokiita kwenye kadi "kifusi": mchanganyiko usiochekechwa, mawe, mchanga, tope na unga wa mwamba vyote pamoja, jinsi barafu ilivyovibwaga. Maji huchambua mizigo yake, mazito huku, mepesi kule. Barafu haichambui.

Konzi ya mashariki ni nyekundu kama matofali ya kuchoma, na ina kokoto nyeusi ngumu. Ya magharibi ina rangi ya majivu iliyochanganyika na manjano. Binti yangu alisaga kijiwe cha kijivu kwa nyundo, akamwagia siki, tukainamisha vichwa. Vilitoka vipovu vidogo sana, kwa sauti ambayo ungeisikia tu kama jokofu limenyamaza. Nyekundu, kimya. Akarudia mara nne, hakuamini.

Povu hilo ni chokaa. Mahali penye chokaa maji yanakuwa na madini, tindikali inapungua, na mimea inayopenda hali hiyo inakuja. Mahali pasipo nayo wanakuja wengine. Jaribio hili linaingia kwenye basi: chupa ya siki, nyundo, mawe mawili.

Kipimo cha tindikali nilichoagiza kimenivunja moyo. Kilisoma namba ileile kwenye siki na kwenye maji ya sabuni. Nimekirudisha, nanunua karatasi za kupimia, zile zinazobadilika rangi.

Jumapili, 4 Mei

Nerstrand, mwendo wa saa moja kusini. Kadi ya 4. Siku hii nimeingoja tangu Machi na nitaiandika kwa kirefu.

Hapa kuna mabaki ya msitu ambao walowezi waliuita Big Woods: mialoni, na miti ya mepo, ile inayogemwa maji yake kupikwa sharubati. Msitu umesimama kwenye kifusi cha kijivu kilichoachwa na barafu, udongo mzito unaoshika maji na wenye chokaa ya kutosha. Mwanzoni mwa Mei miti bado ni mitupu, jua linafika chini, na kwa wiki chache tu maua ya ardhini yanafanya maisha yao yote: yanachanua, yanachavushwa, yanahifadhi chakula kwenye vitunguu vyao, yanapotea. Majani ya juu yakishafunga, chini ni giza.

Tulikuja kutafuta ua moja, Erythronium propullans. Duniani kote linamea kwenye sehemu za wilaya tatu tu, Rice, Goodhue na Steele, zote zikiwa hapa kusini mwa Minnesota. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, alilieleza kitaalamu mwaka 1871, kutokana na sampuli iliyopatikana Faribault. Tangu 1986 limo kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Tulitembea saa nzima tukiona binamu yake tu, yule mweupe mkubwa, aliyetapakaa kama zulia. Majani yao hayatofautiani: ya kijani yenye mabaka ya kahawia, kama ngozi ya samaki. Halafu mtoto akasimama. "Mama, hili ni la mtoto." Nikapiga magoti kwenye majani yaliyolowa. Ua lilikuwa limeinamisha kichwa, jeupe lenye wekundu wa mbali kama ukucha wa mtoto mchanga, na ukubwa wake ulikuwa wa kile kifutio cha nyuma ya penseli. Tukahesabu petali: tano. Lililofuata: nne. Binamu yake mweupe ana sita, hana utani na hesabu. Hili dogo bado halijaamua.

Mwalimu alitueleza akiwa ameegemea fimbo. Ua hili halikuweza kuwepo hapa wakati wa barafu, na hakuna mahali pengine linapopatikana. Wanasayansi wanaona kwamba lilichipuka kutoka kwa yule binamu mweupe baada ya barafu kuondoka. Kwa umri wa mimea, hilo ni juzi. Mbegu hutoa mara chache mno. Huongezeka kwa tawi dogo linalotoka kwenye shina na kushuka kupanda kitunguu kipya pembeni. Kwa hiyo haliwezi kusafiri. Kipande cha mteremko kikivurugwa, lililokuwa pale ndilo limekwisha.

Sikujua kwamba kuna mmea mdogo kuliko historia ya binadamu. Watu walikuwa tayari wanazaana, wanawinda na kuimba karibu kila bara, na ua hili bado halijazaliwa. Nililitazama mpaka magoti yakafa ganzi.

Uamuzi: kadi haitataja mteremko wenyewe, wala picha haitaonyesha alama za mahali. Mtu ataelekezwa kwenye hifadhi, abaki njiani, aone atakachoona.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeandika upya kadi ya 2 nzima, kwa sababu ilikuwa na kosa kubwa.

Niliandika kwamba barafu ndiyo iliyochimba bonde la Mto Minnesota. Mwalimu aliisoma, akavua miwani. "Hapana. Maji." Na akaniketisha.

Barafu iliporudi nyuma kaskazini, iliziba njia ya mito kwenda Hudson Bay. Maji yakajikusanya mbele yake yakawa ziwa, Ziwa Agassiz, ambalo lilipokuwa kwenye upana wake lilizidi Maziwa Makuu yote ya Amerika Kaskazini yakiwekwa pamoja. Mwanajiolojia Warren Upham ndiye aliyelipa jina mwaka 1879, kumkumbuka Louis Agassiz, mtafiti wa Enzi ya Barafu. Ziwa lilipojaa likafurika kusini, na mto uliotoka, unaoitwa Warren (si kwa jina la Upham), ulichimba bonde lenye upana unaofika kilomita nane mahali pengine. Mto Minnesota wa leo unapita katikati ya bonde hilo kama mtoto aliyevaa kanzu ya babu yake.

Mto Warren ulipofika St. Paul ulikutana na mwamba wa chokaa uliolala juu ya mchanga laini. Maji yakala mchanga wa chini, chokaa ikabaki ikining'inia, ikavunjika, na maporomoko yakarudi nyuma hatua kwa hatua kupanda mto. Tawi lake moja ndilo maporomoko ya St. Anthony yaliyo katikati ya Minneapolis, ambayo Wadakota, wenyeji wa asili wa hapa, huyaita Owámniyomni. Padri Louis Hennepin aliyaona mwaka 1680 na kuandika. Karibu karne mbili baadaye, mwanajiolojia Newton Winchell alilinganisha maandishi ya wale wasafiri wa kale na hali ya wakati wake, akakadiria mwendo wa maporomoko, akagawanya kwa mwendo huo umbali kutoka Fort Snelling, tawi hilo lilipoanzia, akapata kama miaka 8,000. Hesabu za leo zinaenda nyuma zaidi, lakini alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuipa barafu tarehe kwa kutumia kitu ambacho kila mtu mjini alikiona kwa macho. Nampenda kwa hilo.

Leo maporomoko yamezuiwa kwa zege, hayatembei tena.

Jumamosi, 14 Juni

Kadi ya 3, uwanda wa mchanga wa Anoka. Dakika 40 tu kaskazini mwa nyumbani, na ni kama nchi nyingine.

Ulimi wa kijivu ulipoyeyuka hapa, maji yake yaliosha kifusi, tope likachukuliwa, mchanga ukatandazwa. Baadaye, katika milenia kavu zilizofuata, upepo uliurundika kuwa vilima. Tulisimama kwenye hifadhi ndogo ya Helen Allison Savanna na mtoto akavua viatu bila kuambiwa. Mchanga mweupe, laini, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini.

Nilimwaga chupa nzima ya maji ardhini. Sikufika tatu katika kuhesabu, yakawa yamezama, juu pamekauka. Ndiyo shida ya mimea ya hapa: mvua inanyesha na haikai, na rutuba inashuka nayo. Nitrojeni ni kidogo mno. Msitu mnene wa Nerstrand hauwezi kusimama hapa. Badala yake ni nyasi ndefu zenye mizizi ya kina, na mialoni iliyotawanyika, mmoja mmoja, gome lake nene kiasi cha kustahimili moto. Mtu wa Serengeti angeijua sura hii mara moja: nyasi, mti, nafasi, mti. Moto ndio unaoiweka hivyo. Ukizuiliwa, vichaka vinaingia na mialoni michanga inafungana. Kwa hiyo wahifadhi huchoma kwa makusudi na kwa ratiba.

Jirani ni kituo cha utafiti cha Cedar Creek cha Chuo Kikuu cha Minnesota. Kadi lazima imtaje Raymond Lindeman. Alikuwa kijana aliyechunguza ziwa dogo linalofungwa na mimea pale Cedar Creek, akipima nishati inavyopita kutoka mmea kwenda mdudu kwenda samaki. Alifariki mwaka 1942, hajafika miaka 27, kabla makala yake kuu haijachapishwa. Ikachapishwa mwaka uleule, na wanafunzi wa ekolojia wanaisoma mpaka leo. Pale pale, tangu 1994, kuna vitalu vya mraba vilivyopandwa aina moja, mbili, nne, nane au kumi na sita za mimea, na vile vyenye aina nyingi vimezidi kutoa mavuno makubwa. Mchanga maskini uliwafaa watafiti: tofauti ndogo inaonekana.

Jumamosi, 28 Juni

Maneno. Jioni nzima tumebishana, Mwalimu na mimi na shemeji aliyekuja kuonyesha basi akabaki kwa chai.

"Barafuto" ipo kwenye kamusi na ni neno zuri, lakini nimewauliza wamama sita kanisani na hakuna aliyelijua. Tumekubaliana: kadi zinasema "barafu inayotembea" mara ya kwanza, kisha "barafuto". Lile shimo la maji lililobaki baada ya bonge la barafu kuyeyuka, tumejaribu "birika", tumejaribu "chungu". Shemeji akasema kwao shimo linalojaa maji ni dimbwi, basi liwe "dimbwi la bonge". Limepita. Kilima kirefu chembamba kilichojengwa na mto uliokimbia chini ya barafu: tuta. Hapo hakuna aliyebisha, kila mtu amelima viazi.

Kigumu ni kinamasi cha kadi ya 5. Watu wa hapa wana neno lao, lakini likiandikwa kwa sauti yetu linakuwa "feni", na feni kwetu ni ile inayozunguka darini. Tumechagua "kinamasi cha chokaa". Ni refu, lakini linasema ukweli wa mahali.

Jumapili, 6 Julai

Nyongeza kwa kadi ya 4, baada ya kubishana na nafsi yangu.

Nyungunyungu. Kwetu Moshi, ukichimba kihamba ukawakuta nyungunyungu, unashukuru: udongo una uhai. Hapa, sehemu zote zilizofunikwa na barafu hazikuwa na nyungunyungu hata mmoja. Barafu iliwamaliza, na waliobaki kusini hawakurudi, maana huenda polepole mno. Msitu ukajijenga kwa maelfu ya miaka bila wao. Majani yaliyoanguka yalioza taratibu kwa kuvu na bakteria, yakatengeneza godoro nene, na maua ya msituni yakajifunza kuota ndani ya godoro hilo.

Kisha wahamiaji kutoka Ulaya wakaja nao kwenye udongo wa mimea, na wavuvi wakamwaga chambo kilichobaki kando ya maziwa. Wale wadudu wanakula godoro lote. Nerstrand Mwalimu alinionyesha kwa ncha ya fimbo: upande mmoja wa njia majani yalikuwa na tabaka juu ya tabaka, yenye harufu ya uyoga, mwingine ulikuwa udongo mweusi mtupu, mgumu, na mizizi ya miti ikionekana juu kama mishipa ya mkono wa mzee. Miche ya mepo haikuwepo.

Najua wasomaji wetu watashtuka. Sisi ni wakulima, na mimi mwenyewe imenichukua wiki kulikubali. Lakini kadi italiandika wazi, kwa sababu nusu ya kanisa letu huvua samaki: chambo kisichotumika kinawekwa kwenye taka, hakimwagwi porini.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekata kituo kimoja cha mbali kusini-mashariki. Huko barafu ya mwisho haikufika, mabonde ni makali, na kwenye miamba michache hewa baridi hutoka kwenye nyufa wakati wote wa kiangazi, ikipoza mimea inayostahili kuwa kaskazini zaidi. Kuna mmea wenye majani manono, Rhodiola, ambao aina yake ndogo moja huishi kwenye miamba kama hiyo na sehemu chache sana nyingine nchini. Inaniuma kuiacha, lakini ni saa mbili na zaidi kwa basi, na wazee hawawezi.

Taylors Falls imebaki, kadi ya 6: mashimo ya duara yaliyochongwa kwenye mwamba mweusi na mawe yaliyozungushwa na maji ya barafu. Moja lina kina cha mita 18 hivi. Kadi hiyo ni fupi. Shimo linajieleza lenyewe.

Jumamosi, 30 Agosti

Savage, chini ya ukingo wa bonde la Mto Minnesota. Kadi ya 5 ilikuwa maneno tu mpaka leo.

Mvua inanyesha juu kwenye kifusi cha kijivu. Inazama, inapita taratibu kati ya mawe ya chokaa, inabeba kalisi na magnesi. Lile bonde lililochimbwa na Mto Warren liliukata mwamba na kifusi kama kisu kinavyokata keki, kwa hiyo maji ya chini yanatokea hapa, chini ya ukingo, baridi, siku zote, mwaka mzima. Hayana oksijeni ya kutosha, mimea inayokufa haiozi ikaisha, na inarundikana kuwa tabaka laini la peti. Ni mimea michache tu inayoweza kuishi kwenye maji baridi yenye chokaa hivi. Sheria ya Minnesota inalinda vinamasi hivi kwa namna ya pekee tangu 1991, maana ukichota maji mengi juu kwenye visima, huku chini panakauka.

Hatukuingia. Hatua ya mguu inabaki miaka. Tulisimama pembezoni, pale ardhi ngumu inapoishia, na karatasi ya kupimia nikaitia kwenye mchirizi unaotoka: saba na kidogo. Mwezi Aprili kwenye kinamasi cha hifadhi ya Theodore Wirth, mjini, ilisoma kati ya nne na tano. Ukiwa na gari ni nusu saa kati ya viwili hivyo.

Maua meupe ya Parnassia yalikuwa yamefunguka, petali zake zina mistari ya kijani iliyochorwa kama kwa sindano. Na chini yake, karibu na kiatu changu, ua la buluu lenye midomo miwili, shina jembamba kama uzi, halinifiki goti. Nilifungua kitabu cha maua kuliangalia. Lobelia kalmii.

Lobelia. Nilikaa chini.

Baba yangu alikuwa mpagazi wa Kilimanjaro. Alirudi na picha moja ambayo imekaa ukutani kwetu maisha yangu yote: yeye amesimama karibu na mnara wa majani, mrefu kumpita, wenye maua ya buluu yaliyofichwa kati ya majani ili yasiungue kwa baridi. Lobelia deckenii, mmea wa Kilimanjaro. Jenasi moja na hiki kidogo kilicho miguuni mwangu. Kule Kilimanjaro ni jitu linalostahimili baridi ya kila usiku. Hapa limejikunja likaingia kwenye kinamasi cha chokaa.

Nilimpigia mama Moshi palepale, kwao usiku umeingia. "Mama, ile picha ya baba, lile ua..." Akasikiliza mpaka mwisho. "Mdogo wake yuko huko?" Ndiyo mama. "Basi mwangalie vizuri."

Kadi ya 5 itakuwa na picha ya baba.

Jumamosi, 20 Septemba

Kurekodi sauti. Jokofu lazima lizimwe. Kadi ya 1 imechukua jioni tatu kwa sababu ya dimbwi la bonge, mpaka nikapata njia ya kulieleza.

Pale Feri, Dar es Salaam, wauza samaki hulifunika bonge la barafu kwa magunia na unga wa mbao. Jua kali, na bonge linafika jioni. Ndivyo ilivyokuwa: barafu ikirudi nyuma, iliacha mabonge makubwa, na maji yake yakayafunika kwa mchanga na kokoto. Yakiwa yamefunikwa, yalikaa muda mrefu sana. Yalipoyeyuka hatimaye, ardhi ya juu ikadidimia, maji yakajaa. Bde Maka Ska na Harriet, maziwa ambayo nusu ya mji hukimbia kando yake jioni, yalianzia hivyo.

Dimbwi dogo lisilo na mto wa kuingia wala kutoka lina hadithi ya pili. Linategemea mvua. Sfagnamu, mmea mdogo laini usiotoa maua, inaanza ukingoni, inanywa maji mara nyingi kupita uzito wake, inayatia tindikali, inasonga juu ya maji kama mkeka. Ndipo inaota tamaraki, mti pekee wa asili wa hapa wa jamii ya misonobari unaopukutisha majani yake yote kila mwaka. Kinamasi cha Theodore Wirth ni hicho, ndani ya hifadhi ya jiji la Minneapolis, karibu na bustani ya maua ya porini ya Eloise Butler, iliyofunguliwa mwaka 1907.

Binti yangu ndiye msomaji wa kadi ya 1. Neno "linadidimia" lilimshinda mara mbili, la tatu akalisema kama mtu wa Tanga. Mwalimu akapiga makofi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Safari. Watu 19, mkubwa ana miaka 78, mdogo wa miezi minane mgongoni. Tulipanga vituo sita, tumefika vinne. Taylors Falls na Nerstrand tumeziacha kwa siku nyingine, na Nerstrand kwa vyovyote inamhitaji mtu arudi Mei.

Kwenye uwanda wa mchanga watoto hawakutaka kuondoka. Jaribio la siki lilifanyika juu ya kofia ya shemeji, na wazee walisukumana kusikiliza povu. Savage maua yalikuwa yameisha, nikapitisha picha ya baba mkono kwa mkono, na mama mmoja wa Arusha akasema analijua lile ua, aliliona Meru. Nitamuuliza vizuri: huenda ni lobelia nyingine, kadi isije ikakosea.

Kituo cha mwisho kilikuwa Theodore Wirth, jua limeshuka. Tamaraki zote za manjano, sindano zinadondoka juu ya maji meusi. Njia ya mbao inaelea juu ya kinamasi, kwa hiyo nimewaingiza watano watano. Mwalimu aliingia na kundi la mwisho. Alisimama katikati, akajinyanyua kwa vidole, akajishusha kwa uzito wake wote. Mti mdogo ulio hatua nne mbele yake ukatikisika. Akarudia. Ukatikisika tena.

"Miaka 31 nimelichora hili ubaoni," akasema, na hakutaka kutoka mpaka nilipomshika mkono.

Ya kufanya kabla ya theluji: kadi ya 3 ina upepo kwenye sauti, irekodiwe tena. Kadi ya 5, kuthibitisha ile lobelia ya Meru. Kadi ya 2, wazee wameomba jina la Kidakota la maporomoko lisikike likitamkwa na Mdakota mwenyewe, na wako sahihi. Naanza na hiyo Jumatatu.